Rumaliza: Mkopo wa Zanzibar, meno ya tembo ya Manyema na mwambao wa Burundi

Barabara ya taifa namba 3 itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hupita Muhuta ikiwa imebanwa. Mkono wa kulia ni Ziwa Tanganyika, mkono wa kushoto ni miteremko ya Mumirwa inayopanda kuelekea kitovu cha Burundi. Kati yake kuna ardhi nyembamba ya michikichi, mihogo na migomba, na mialo ambako wavuvi huanika ndagala. Katika miaka ya 1880 ukanda huu ulitamaniwa na mfanyabiashara aliyeishi Ujiji, ng'ambo ya mpaka wa leo. Aliitwa Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani. Wengi walimjua kwa lakabu ya Rumaliza, inayotokana na neno kumaliza, na waliompa jina hilo hawakukusudia kumsifu kwa kumaliza kazi zake.

Alizaliwa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo, mnamo 1855, katika ukoo wa Barwani wenye asili ya Oman. Kama vijana wengi wa pwani wa wakati ule wasiokuwa na mashamba makubwa ya karafuu Unguja, alifuata njia ya misafara kwenda bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa amekwisha kukaa Ujiji, mji uliotawaliwa wakati huo na Mwinyi Heri, na akaanza kujenga jina.

Ujiji haukuwa kijiji cha wavuvi tu. Mafuta ya mawese yalishuka kutoka mwambao wa Burundi, chumvi ikatoka Uvinza, samaki wakavua ziwani, meno ya tembo na watumwa wakavushwa kutoka Manyema. Soko lilikuwa na fedha yake: shanga za aina ya sofi. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliandika juu ya watu waliokaa sokoni asubuhi na mifuko ya shanga wakiwabadilishia wanunuzi, kisha jioni wakazinunua tena kwa wauzaji waliotaka kurudi na nguo. Walipata faida pande zote mbili. Wabadilishaji fedha wa mipakani leo, wenye mafungu ya faranga na shilingi mikononi, wanaifanya kazi hiyohiyo.

Biashara kubwa, hata hivyo, haikuendeshwa kwa shanga bali kwa deni. Msafara ulihitaji mamia ya wapagazi, bunduki, baruti, merikani, kaniki na chakula cha miezi. Hakuna kijana wa Lindi aliyeweza kulipia hayo mfukoni mwake. Fedha zilitoka Zanzibar kwa matajiri wenye asili ya India, na aliyejulikana kuliko wote alikuwa Tharia Topan, Ismailia kutoka Kutch, aliyesimamia forodha ya Sultani na kumkopesha Tippu Tip.

Hapa ndipo lilipoingia suala ambalo mabenki ya Kiislamu ya kanda yetu yanalishughulikia hadi leo. Mkopaji alikuwa Mwislamu, mara nyingi Ibadhi au Shafii, na riba kwake ni haramu. Mkopeshaji alitaka faida, naye alikuwa na haki ya kuitaka, kwa maana msafara ungeweza kupotea wote. Njia iliyozoeleka ilikuwa kukopesha bidhaa badala ya fedha taslimu. Bidhaa ziliandikwa kwa bei ya juu kuliko ya siku ile, na malipo yakaahidiwa kwa frasila za meno ya tembo baada ya mwaka au zaidi. Aliyekuwa na shamba au nyumba aliweza pia kutumia bei khiyari: humuuzia tajiri mali yake akibaki na haki ya kuinunua tena kwa bei ileile katika muda waliopatana, na wakati huo akiendelea kuitumia kwa kulipa kodi. Kwenye karatasi hapakuwa na riba. Kama ilikuwapo katika nia, wanazuoni walibishana. Mjadala huo haujaisha: Benki ya Amana ilipofungua milango Dar es Salaam mwaka 2011, na kabla yake Gulf African na First Community nchini Kenya mwaka 2008, wateja waliuliza kama mauzo ya bei ya kuahirishwa ni biashara au ni riba iliyovaa kanzu.

Rumaliza aliingia katika mfumo huo kupitia mlango wa tatu, yaani shirika. Alishirikiana na Tippu Tip, aliyemzidi umri, mtaji na sifa. Mkubwa alikuwa na jina lililoaminika kwa matajiri wa Zanzibar na eneo kubwa la Manyema. Mdogo alikuwa na Ujiji, majahazi na mitumbwi, na watu wenye bunduki pande zote za kaskazini mwa ziwa. Mwinyi Heri alipofariki mwaka 1885, Rumaliza ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wengine mjini, na wageni wakamwita Sultani wa Ujiji.

Nguvu hizo alizitumia kuelekea kaskazini. Watu wake walishika Masanze na Uvira upande wa magharibi, na Uzige, eneo ambalo Bujumbura imejengwa, upande wa mashariki. Mwambao wa Rumonge ulikuwa umekwisha kuonja vurugu. Wamisionari wa White Fathers walifika hapo mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 Wazungu watatu wa misheni hiyo wakauawa katika ugomvi na watu wa eneo hilo. Misheni ikafungwa. Kwa vijiji vya ufukweni, kuanzia Rumonge kupita Muhuta hadi Uzige, miaka iliyofuata ilikuwa ya kuangalia ziwa kwa hofu. Mtumbwi uliokuja kununua mawese na mtumbwi uliokuja kuteka watu havikuwa na tofauti mpaka vimefika karibu.

Lakini hakupanda milima. Burundi ya wakati huo ilikuwa na mfalme, Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne hadi 1908, na watu waliokuwa wengi na waliojipanga. Majaribio ya kuingia ndani yalirudishwa nyuma. Bunduki za gobori zilizotisha Manyema, ambako tawala nyingi zilikuwa ndogo na zimetengana, hazikutosha mbele ya ufalme ulioweza kukusanya wapiganaji wa mikuki na mishale kutoka kilima hadi kilima. Ndiyo maana alama za biashara ya Ujiji nchini Burundi zimebaki chini, katika tambarare ya Imbo: Kiswahili, misikiti na mitaa ya Waswahili ya Rumonge, Nyanza-Lac na Buyenzi.

Ni vigumu kueleza maisha yake kwa lugha ya biashara pekee. Deni la Zanzibar lilikuwa na tarehe, na frasila zilizoahidiwa zilipaswa kufika. Tembo walipozidi kuwa mbali, shinikizo liliwaangukia watu. Walitekwa ili wabebe pembe, walime, wapigane au wauzwe. Fiqhi ile ile iliyotumika kuandika mikataba ya misafara inasema wazi kwamba kumuuza mtu huru ni batili, na mtu aliyekamatwa ufukweni akienda kuchota maji alikuwa huru. Waraka uliotiwa saini Unguja ungeweza kuwa safi herufi kwa herufi, huku mali iliyokuja kuulipa ikiwa haramu tangu mwanzo wa safari. Hilo halikumsumbua tajiri wala kadhi kwa sababu lilitokea mbali.

Mwisho ulikuja haraka. Mkutano wa Brussels wa 1890 uliweka vikwazo kwa biashara ya watumwa na ya silaha. Mwaka uliofuata Kapteni Jacques wa Ubelgiji alifika ziwani na kujenga kituo cha Albertville, Kalemie ya leo, ambacho watu wa Rumaliza walikizingira bila kukiteka. Tippu Tip alikwisha kurudi pwani. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yaliiteka Nyangwe, kisha Kasongo. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akafa kwa majeraha mwezi Oktoba. Rumaliza alivuka ziwa kuja kuokoa kilichobaki na akawapa Wabelgiji upinzani mkali kuliko wote waliokutana nao. Kamanda Ponthier aliuawa. Januari 1894 ngome zake zikaanguka, naye akakimbilia eneo la Wajerumani. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, na ukanda aliokuwa akiutaka ukawa wao.

Alifika pwani hana kitu. Hapo ndipo hadithi inarudi kwenye daftari la hesabu. Rumaliza alimshtaki Tippu Tip akidai haki yake katika shirika. Kwa kanuni za mudharaba, mwenye mtaji hubeba hasara ya mtaji na mwenye kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa kama alizembea. Kwa musharaka, kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya alichoweka. Kesi kama hiyo ingetaka swali gumu lijibiwe: nani aliweka nini, na vita vya Kongo ni hasara ya nani? Lakini haikuamuliwa kwa kadhi. Ilikwenda mbele ya mahakama ya Wajerumani Dar es Salaam, ambao walikuwa na mamlaka juu ya mali za Tippu Tip za Tanganyika, na Rumaliza akashinda. Mshirika wake akapoteza mali zake za bara. Tippu Tip alibaki na mashamba na nyumba zake Unguja, ambako alifariki Juni 1905.

Kushinda kesi hakukumrudisha Rumaliza ziwani. Miaka yake ya baadaye ilikuwa ya pwani na ya dini, katika tarika ya Qadiriyya iliyokuwa ikienea kwa kasi miongoni mwa Waislamu wa koloni. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwaonya waumini kuhusu kukaribia kwa Kiyama, ilisambaa hadi Lindi, mji aliozaliwa. Utawala wa Kijerumani uliichukulia kuwa uchochezi, na baadhi ya wanahistoria wamelihusisha jina lake na usambazaji wake.

Huko kaskazini, mawese ya Rumonge yaliendelea kushuka ziwani kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Ujiji.