John Colin Carothers

John Colin Dixon Carothers (1903 - 1989) alikuwa daktari Mwingereza aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, Kenya, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Anajulikana hasa kwa maandishi yake juu ya ubongo wa Waafrika, ambayo siku hizi hutajwa kama mfano wa ubaguzi wa rangi uliopita kwa jina la sayansi.

Maisha

Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari London. Mwaka 1929 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Kenya. Alipokabidhiwa Mathari hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Stashahada ya fani hiyo aliipata Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mawazo yake

Kwa kutumia kumbukumbu za Mathari, mwaka 1947 aliandika kwamba wazimu ni nadra kwa Waafrika na kwamba sonona karibu haipo. Skizofrenia aliikuta, lakini hesabu yake ilikuwa na kasoro kubwa: waliofika hospitalini ni wale walioletwa na mahakama na maofisa wa serikali. Wengi walibaki nyumbani au kwa waganga.

Mwaka 1951 alidai kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji. Madai hayo aliyarudia katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alizungumzia Waafrika kwa jumla, Wasukuma wa Bariadi sawa na Wayoruba wa Nigeria, ingawa wagonjwa aliowatibu walikuwa wa Kenya.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Aliieleza harakati hiyo kama matatizo ya kisaikolojia ya Wakikuyu, na suala la ardhi iliyotwaliwa likapewa nafasi ndogo.

Ukosoaji

Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliyapinga madai hayo tangu miaka ya 1950. Frantz Fanon naye alimshambulia Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Utafiti wa baadaye ulielekea kwingine. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, baadaye iligunduliwa kuwa huziba vipokezi vya dopamini aina ya D2. Hivyo ni protini zilizo juu ya seli za neva, zinazopokea ujumbe kutoka seli jirani. Protini hizo zimo katika ubongo wa kila binadamu, na dawa zinazozigusa hutumika Mathari kama zinavyotumika London.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha, lilianza kuchunguza skizofrenia katika nchi 9, Nigeria ikiwemo. Dalili kuu zilifanana kote, na wagonjwa wa Ibadan walikuwa miongoni mwa waliopata nafuu zaidi.