Sewa Haji wa Njia ya Misafara

Marehemu Sewa Haji Paroo, mwenye asili ya Kachchh, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Bagamoyo. Misafara iliyokwenda Tabora ilipata kwake wapagazi na bidhaa. Zama zile hospitali zilikuwa adimu. Mama wa Kihindi, kama jirani yake Mnyamwezi, alijifungua kwa mkono wa mkunga na rehema ya Mungu.

Mali yake aliitoa kwa shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili, wanakojifungulia leo akina mama wa kila dini.

Yeye alikuwa Mwismailia, sisi Wahindu. Lakini kwa Kigujarati sewa ni utumishi, nao haubagui mzazi.