Bakhita Alijifunza Kukataa



Bakhita ni jina la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia sisi neno bahati. Alipewa na watu waliomteka. Jina alilopewa na wazazi wake alilisahau kwa hofu ya siku zile, wala hakulikumbuka tena mpaka kufa.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Akiwa mtoto wa miaka kama saba hivi alitekwa, akauzwa, akauzwa tena. Katika nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki alichanjwa chale: mchoro uliwekwa kwa unga, ukafuatwa kwa wembe, kisha chumvi ikasuguliwa vidondani ili alama zisifutike. Alama 114. Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na konseli wa Italia, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 akafika Italia, akakabidhiwa kwa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao.

Tunapomhubiri Bakhita, nami nikiwemo, tunakimbilia msamaha wake: kwamba uzeeni alikuwa tayari kuwapigia magoti waliomteka na kuwabusu mikono. Ni kweli. Lakini kabla ya kusamehe, imani ilimfundisha jambo jingine ambalo mimbarini tunalipita haraka.

Mwaka 1888 mama mwenye nyumba alisafiri kwenda Suakin, Sudan, alikokuwa mumewe, akamwacha Bakhita na mtoto kwa Masista Wakanosa mjini Venice. Huko Bakhita akaanza mafundisho ya wakatekumeni. Tangu utotoni alikuwa akitazama jua na nyota akijiuliza mwenyewe ni nani. Sasa alifundishwa kumjua, akasikia pia kwamba Mwana wake naye alipigwa mijeledi. Kwa msichana mwenye mwili ule, haikuwa habari ya kitabuni.

Mama aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Mtu aliyetii kila amri tangu utoto alisema haondoki mpaka abatizwe. Mama akang'ang'ania. Bakhita aliumia, maana alimpenda mama yule na mtoto wake, lakini hakusogea. Shauri likamfikia Patriaki wa Venice na mwendesha mashtaka wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo kwa siku moja.

Nina sababu ya kusimulia haya. Mafundisho ya wakatekumeni yanapoanza, wapo mabinti wa kazi wasioruhusiwa kuja, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya kufua na ya wageni. Mara nyingine anayewazuia anakaa benchi la mbele, na sadaka yake ni nono. Nasi mapadre tunamshukuru kwa sadaka, hatumwulizi habari za binti.

Bakhita aliweka nadhiri mwaka 1896. Tangu 1902 aliishi Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, akipika, akidarizi, akitunza sakristia, na kwa miaka mingi akifungua mlango. Watoto waliokuja shuleni aliwawekea mkono kichwani. Aliyekuwa amezuiwa kutoka sasa ndiye aliyeshika mlango, na watu wa Schio walimpenda hivyo tu, kama sista wa mlangoni.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Katika siku zake za mwisho, homa ilipompanda, alirudi tena utumwani: alimsihi sista aliyekuwa akimwuguza amlegezee minyororo, kwa maana ni mizito. Miaka karibu sitini ilikuwa imepita tangu awekwe huru.