Barbara McClintock: Aliona siri ya jeni kwenye punje za mahindi, akasubiri Nobel miaka 32

Umewahi kukutana na hindi lenye punje za madoadoa? Wengi hulichoma, wakala, yakaisha. Barbara McClintock yeye alitumia miaka mingi akitaka kujua madoa hayo yanatoka wapi.

Alizaliwa Juni 16, 1902 huko Hartford, Marekani, akakulia Brooklyn, New York. Alipotaka kwenda chuo, mama yake aligoma: binti akisoma sana, nani atamuoa? Baba yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemuunga mkono. Mwaka 1919 akaingia Chuo Kikuu cha Cornell, na 1927 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1931, yeye na mwenzake Harriet Creighton walionyesha kwa hadubini kwamba kromosomu hubadilishana vipande. Mwaka 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanajenetiki wa Marekani. Yaani hakuwa mtu wa kubahatisha.

Miaka hiyo hiyo, kwenye kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, ndipo alipoona jambo la ajabu.

Wataalamu waliamini jeni zimetulia mahali pake kama shanga kwenye uzi. Yeye akakuta kuna vipande vinavyohama. Kipande kikitua kwenye jeni ya rangi, rangi inazimika. Kikiondoka wakati punje bado inakua, rangi inarudi sehemu sehemu. Hayo ndiyo madoa! Akahitimisha kwamba vipande hivyo ni kama swichi: vinawasha jeni na kuzizima.

Mwaka 1951 aliwaeleza wenzake mkutanoni. Wachache walimwelewa, wengine walimwona kapotea njia. Baada ya 1953 akapunguza kuchapisha matokeo hayo, ila mahindi yake hakuyaacha.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wengine wakaanza kukuta vipande vinavyohama kwenye bakteria, baadaye kwenye nzi wa matunda. Leo inajulikana kuwa karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vya aina hiyo.

Mwaka 1983, akiwa na miaka 81, akapewa Nobel ya tiba peke yake. Habari alizisikia redioni, maana nyumbani hakuwa na simu. Mpaka sasa hakuna mwanamke mwingine aliyepata tuzo hiyo bila kugawana na mtu.

Alifariki Septemba 2, 1992, akiwa na miaka 90. Hakuwahi kuolewa.

Siku hizi kompyuta hupima maelfu ya jeni za panya, nzi au binadamu kwa mara moja, kisha kwa hesabu za takwimu huziweka kwenye makundi: zinazowaka pamoja huku, zinazozima pamoja kule. Lakini swali ni lile lile alilouliza McClintock shambani: nani anawasha, nani anazima?