Wakefield, mhubiri aliyebaki Ribe wenzake waliporudi

HISTORIA ya makanisa ya Methodisti nchini Kenya haiwezi kusimuliwa bila kutajwa Thomas Wakefield, Mwingereza aliyezaliwa Derby mwaka 1836.

Alifika Mombasa mwaka 1862 chini ya uongozi wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari mkongwe wa Rabai. Kikosi hicho kidogo hakikudumu. Maradhi yaliwarudisha wenzake Ulaya mmoja baada ya mwingine, na Krapf mwenyewe akaondoka mwaka huohuo. Wakefield akabaki Ribe hadi Charles New alipomfuata mwaka uliofuata.

Ribe, katika Kaunti ya Kilifi ya sasa, haikukusudiwa kuwa makao ya kudumu. Shabaha yao ilikuwa Waoromo, ambao enzi hizo waliitwa Wagala, na Ribe ilikuwa kizingiti tu cha kuelekea huko. Isitoshe, Waribe walikuwa na mahali pao patakatifu ndani ya msitu wa Kaya Ribe, ambao mwaka 2008 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni hawa waliomba mahali pa kujenga kwa watu waliokuwa tayari na nyumba yao ya ibada, ingawa haikuwa na kuta.

Jengo hilo la kizingiti liligharimu maisha. Mkewe Wakefield, Rebecca, aliyewasili mwaka 1870, alifariki Ribe mwaka 1873. New, aliyekuwa amefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, naye akafa mwaka 1875. Hadi leo makaburi ya wamisionari hao wa awali ni sehemu ya historia ya kanisa la Ribe sawa na kuta zake.

Wakefield hakuwa mhubiri pekee. Mwaka 1870 zilichapishwa London njia za misafara kutoka pwani hadi bara, alizoandika kutokana na maelezo ya Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara ambaye jina lake lilistahili kujulikana zaidi.

Kituo cha Waoromo hatimaye kilianzishwa Golbanti, kando ya Mto Tana. Mwaka 1886 Wamaasai walikishambulia na kuwaua John Houghton na mkewe Annie. Mwaka uliofuata Wakefield alirejea Uingereza, akafariki mwaka 1901.

Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na kanisa lao likajitegemea mwaka 1967. Kizingiti cha Ribe ndicho kilichokuwa nyumba.