Maisha ya Tabibu Robert Koch, na Khabari ya Tumbo na Maji

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa viungo vya kumtumikia na akili ya kuvitambua. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika kijitabu hiki twaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana duniani kote, naye alipata kukaa katika mji wetu huu wa Dar es Salaam. Hakuwa katika dini yetu, wala hakualikwa na wenyeji. Alikuja chini ya dola ya Kijerumani iliyoitawala nchi hii kwa nguvu. Lakini ilimu yenye manufaa haina kabila, na mwenye akili huitwaa popote aionapo. Tumemchagua huyu kwa kuwa kazi yake yatufundisha mambo mawili yasiyotengana: namna tumbo la mwanadamu lifanyavyo kazi, na namna maji yaonekanayo safi yawezavyo kuupita ulinzi wa tumbo, yakamuua mtu mzima kabla ya siku kuisha.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, katika milima ya Harz huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa machimbo ya madini, na watoto wa nyumba ile walikuwa wengi. Akasoma utabibu katika chuo cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Kisha akawa tabibu wa wilaya katika mji wa Wollstein, mahali pasipokuwa na chuo wala maktaba kubwa. Huko, baada ya kutibu wagonjwa mchana, alikuwa akiketi na hadubini yake akichungulia damu ya kondoo na ng'ombe waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akawabainishia wanavyuoni wa Breslau kwamba kimeta huletwa na kijidudu kilicho hai, akaonyesha namna kinavyoishi na kuzaana. Basi jina lake likatoka. Mwaka 1880 akaitwa Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu.

Zama hizo kipindupindu kilikuwa hofu ya walimwengu wote. Pwani yetu haikusalimika. Mwaka 1869 na 1870 kilipiga Unguja, kikaua watu kwa maelfu. Mwaka 1883 kikazuka Misri, na Koch akatumwa Iskandaria pamoja na matabibu wenziwe. Wafaransa nao walipeleka watu wao, na mmoja wao, kijana aitwaye Louis Thuillier, akashikwa na maradhi yale yale aliyokuja kuyachunguza, akafa. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch hakurejea kwao, bali alivuka bahari akaenda Calcutta katika Bara Hindi. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1884, akaweza kukitenga na kukiotesha kijidudu kilichopindika kama alama ya koma. Alikikuta katika matumbo ya waliokufa kwa kipindupindu, na hakukikuta katika matumbo ya waliokufa kwa maradhi mengine. Tena alikikuta katika maji ya bwawa ambamo watu wa mtaa walioga, wakafua nguo, na wakateka maji ya kunywa. Yafaa tuseme kwa insafu kwamba Mtaliana Filippo Pacini alikwisha kukiona kijidudu hicho mwaka 1854, lakini maneno yake hayakusikilizwa.

Hapa pakatokea mushkili. Koch aliwalisha wanyama vijidudu vile, wala hawakuugua. Wapinzani wakasema: ikiwa hicho ndicho kiletacho ugonjwa, mbona mnyama hula na akabaki mzima? Ili tufahamu jawabu, yatupasa kwanza tukifuate chakula katika safari yake.

Mtu atiapo tonge kinywani, meno hulisaga na mate hulilainisha, na hapo hapo mate huanza kuugeuza wanga wa wali au muhogo kuwa sukari. Ndiyo maana mkate ukitafunwa kwa muda huwa mtamu. Kisha tonge hushuka kooni hata tumboni. Tumbo ni mfuko wenye misuli unaokikoroga chakula kama mwiko ukorogavyo uji, na kuta zake hutoa tindikali kali. Tindikali hiyo ina kazi mbili: husaidia kuvunja nyama, samaki na maharagwe, na huua vijidudu vingi vilivyoingia pamoja na chakula na maji. Kwa hiyo tumbo si chungu cha kupikia tu, bali ni mlango wenye bawabu.

Kikitoka hapo, chakula huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha mita 6. Nyongo itokayo katika ini hulainisha mafuta, na maji ya kongosho huizima ile tindikali na kukamilisha kuvunja kila kitu. Ukuta wa utumbo huu ndani umejaa vinyuzi vidogo kama mahameli, na hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula na kukipeleka katika damu. Kila siku huingia katika matumbo yetu kiasi cha lita 8 au 9 za maji: kama 2 ni za kula na kunywa, na zilizosalia ni mate na maji mengine yatolewayo na mwili wenyewe. Karibu yote hunyonywa yakarudi katika damu, mengi katika utumbo mwembamba na kidogo katika utumbo mpana. Kinachotoka nje huwa ni chini ya robo lita. Tafakari, ndugu msomaji, hisabu hiyo. Kwani kipindupindu huja kuiharibu hisabu hiyo hiyo.

Turejee kwa Koch. Yeye na wenziwe waliwatwaa simbilisi, wakawanywesha kwanza maji ya magadi ili kuizima tindikali ya tumbo, wakawapa afyuni ili matumbo yatulie, kisha wakawatilia vijidudu vile. Mara hii wanyama wakaugua wakafa. Hivyo ikabainika kwamba bawabu wa tumbo ndiye aliyekuwa akiwalinda. Lakini bawabu huyo ana mipaka. Vijidudu vikija kwa wingi, baadhi hupita. Na mtu ambaye tindikali yake ni dhaifu, kwa utapiamlo au kwa kutumia daima dawa za kuzima kiungulia, mlango wake hulindwa kwa udhaifu zaidi.

Vijidudu vikishapita, hujishika katika ukuta wa utumbo mwembamba. Havili nyama ya utumbo wala havitoboi. Hutoa sumu, na sumu hiyo huugeuza ukuta uliokuwa ukinyonya maji ukawa unayamwaga. Koch alidhani kwamba iko sumu, lakini hakuweza kuithibitisha. Aliyeithibitisha ni tabibu wa Kihindi, Sambhu Nath De, mwaka 1959, katika mji ule ule wa Calcutta. Mgonjwa hutokwa na choo cheupe kama maji yaliyooshea mchele, na huweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Macho humwingia ndani, ngozi humkunjana, na damu huwa nzito. Hafi kwa jipu wala kwa homa, bali hufa kwa kukaukiwa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, kikaua watu zaidi ya 8,000. Ubavuni mwa Hamburg palikuwa na mji wa Altona, na miji hiyo miwili ikinywa maji ya mto mmoja, Elbe. Altona ilichota chini ya Hamburg, mahali palipokuwa pamekwisha kuingia uchafu wa Hamburg yenyewe. Lakini Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuchuja. Katika njia iliyokuwa mpaka baina ya miji hiyo, nyumba za upande mmoja ziliugua na za upande wa pili zikasalimika, ilhali hewa na ardhi yao ni moja. Mwaka huo huo, mzee Max von Pettenkofer wa Munich, mpinzani wa Koch, akanywa vijidudu vile mbele ya mashahidi baada ya kuizima tindikali yake kwa magadi. Akaharisha kidogo, akapona. Alidhani amemshinda Koch. Lakini mtu mmoja kuokoka si hoja ya kuwafuta maelfu waliozikwa.

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akitokea Bara Hindi, akakaa nchini hata 1898, akipima damu za wenye homa na kuchunguza maradhi ya watu na wanyama. Akarejea mwaka 1905, mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilianza, akachunguza homa ya papasi na namna papasi wanavyoieneza. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Wala hatufichi makosa yake. Mwaka 1890 aliutangazia ulimwengu dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na haikuponya. Watu wengi walivunjika mioyo. Na mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese huko Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili, akazidisha vipimo, na baadhi yao wakapofuka. Mwenye ilimu akisahau kwamba aliye mbele yake ni nafsi iliyoheshimiwa, ilimu yake huwa dhuluma. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden.

Huenda msomaji akauliza: khabari hizi zatuhusu nini leo? Zatuhusu sana. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikaenea Dar es Salaam na kisha mikoa mingi ya Tanzania. Katika vitongoji vyetu, Kinondoni hata Temeke, ziko nyumba ambazo kisima na choo vimekaribiana, na mvua za masika zijapo vyoo hufurika, maji ya shimo moja yakaingia katika jingine.

Na hapa pana jambo linalowakosesha wengi. Twasoma katika vitabu vya Imamu Shafi'i kwamba maji yaliyofika qullatayn, ambayo wengi huyakadiria kuwa lita 200 na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi madamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Mtu huitazama birika au kisima, akayaona maji hayakubadilika, akatawadha, kisha akanywa. Kutawadha kwake ni sahihi. Lakini hukumu ya tohara ni ya ibada, na haikuwekwa kuwa kipimo cha vijidudu. Kijidudu cha kipindupindu hakibadili rangi wala ladha wala harufu. Na mafakihi wetu wenyewe walitufungulia njia ya kutenganisha mambo haya mawili: maji yaliyochemshwa na jua katika chombo cha madini, katika nchi ya joto, ni tohara na yatoharisha, walakini wamesema ni makuruhu kuyatumia mwilini kwa kukhofia madhara. Basi ikiwa maji tohara yalichukizwa kwa khofu ya madhara ya ngozi, itakuwaje maji yenye khofu ya mauti? Kujidhuru ni haramu, na kumnywesha mgeni au mtoto maji ya khatari ni kumdhuru mwingine.

Kwa hiyo twausia haya. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo chake, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Choo kichimbwe mbali na kisima, kwa uchache mita 30, wala kisiwe upande wa juu yake. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Msikitini, maji ya kutawadhia yasifanywe maji ya kunywa ila yakijulikana kuwa salama. Na atakayeshikwa na kuharisha kama maji, asinyimwe kinywaji, kwani kumnyima ni kumharakishia mauti. Ile sumu haikuiziba njia ambayo sukari na chumvi hupita pamoja katika ukuta wa utumbo, na vinapopita huvuta maji. Twaa lita 1 ya maji salama, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo huku ukimpeleka hospitali bila ya kukawia.

Mwenyezi Mungu ametuwekea bawabu katika tumbo, na ametupa akili ili tumsaidie kazi yake. Asiyeitumia hiyo ya pili asimlaumu yule wa kwanza. Wabillahi taufiki.