Thakkar Bapa, Mhandisi Aliyewaendea Wafagiaji

Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, inafaa tumkumbuke mtumishi mmoja wa watu ambaye miguu yake ilipata kukanyaga ardhi hii ya Afrika ya Mashariki.

Amritlal Vithaldas Thakkar, aliyejulikana India nzima kwa jina la heshima la Thakkar Bapa, alizaliwa tarehe 29 Novemba 1869 mjini Bhavnagar, Gujarat, katika familia ya Kilohana isiyokuwa na mali nyingi. Alisomea uhandisi mjini Poona, na baadaye akavuka bahari kufanya kazi kwenye reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa. Wengi wa wazee wetu walikuja wakabaki; yeye alirejea kwao.

Huko Bombay aliajiriwa na manispaa, akakabidhiwa reli iliyobeba taka za jiji. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye makazi ya wafagiaji. Watu waliolisafisha jiji zima walikuwa wakiishi ndani ya uchafu, wamelemewa na madeni ya riba, na watoto wao hawana shule. Kwa kuwa walihesabiwa najisi, hata wacha Mungu waliwapita kwa mbali. Thakkar aliingia kwao, akawaona, na moyo wake haukutulia tena. Mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 44, aliacha mshahara wake akajiunga na Jumuiya ya Watumishi wa India, iliyoasisiwa na Gopal Krishna Gokhale mwaka 1905, ambayo wanachama wake waliishi kwa posho ndogo.

Tangu hapo, palipotokea njaa au mafuriko, alikwenda. Mwaka 1922 aliasisi Bhil Seva Mandal huko Dahod kwa ajili ya Wabhili. Mwaka 1932 akawa katibu mkuu wa Harijan Sevak Sangh, chama kilichowatetea waliotengwa ili wafunguliwe visima, shule na milango ya mahekalu. Alifariki Januari 1951, akiwa na umri wa miaka 81.

Ndugu zangu, tukiri ukweli. Babu zetu walipopanda majahazi, ubaguzi wa matabaka ulikuwamo mizigoni mwao, na mzigo huo hatujautua wote. Kila mwaka tunagawa chakula langoni, na hilo ni jema. Lakini anayezoa taka za sherehe zetu kesho yake alfajiri, je, tunajua anaishi wapi? Akiuguliwa na mtoto, humkopa nani, na kwa riba gani?

Thakkar Bapa alianza seva yake kwa kufika nyumbani kwa watu hao. Kutoka hekaluni kwetu hadi kwa jirani huyo ni mwendo wa dakika chache tu. Na twende.